Deni la siri la Msumbiji: benki ilitozwa faini, nani alilipwa?

Pwani_Kusini (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kuna jambo linanikera kila mada ya deni la taifa inapofunguliwa humu. Tunaanza na wanasiasa, tunamaliza na wanasiasa. Benki iliyotoa mkopo haitajwi kabisa, utadhani hizo dola zilidondoka toka mbinguni. Leo naomba tuwaweke wanasiasa pembeni kidogo tuzungumzie benki. Nachukua kesi ya jirani zetu Msumbiji, kwa sababu imepita mahakama za Maputo, Johannesburg, New York na London, na mengi yaliyofanyika gizani sasa yako kwenye kumbukumbu za mahakama, mtu yeyote anasoma.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa takriban dola bilioni 2. ProIndicus ilikuwa ya ulinzi wa pwani, EMATUM ya kuvua jodari, MAM ya karakana za kutengeneza meli. Nyuma ya zote tatu walikaa watu wa usalama wa taifa. Wakopeshaji walikuwa wawili: Credit Suisse ya Uswisi kupitia ofisi yake ya London, na VTB ya Urusi. Muuza meli na mitambo alikuwa mmoja kwa kampuni zote, Privinvest ya Abu Dhabi. Dhamana za serikali zilisainiwa na Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang. Bunge halikuulizwa, na kiasi kilivuka kwa mbali kikomo cha dhamana kilichowekwa na sheria ya bajeti yao wenyewe.

Sasa hapa ndipo naomba mnisome taratibu. Fedha hazikukanyaga Maputo. Benki ilizituma moja kwa moja kwa muuza meli. Msumbiji ilipokea meli, bili na deni. Kampuni ya ukaguzi ya Kroll, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikuta bei ya vifaa imezidishwa kwa takriban dola milioni 713, na kwenye mkopo wa EMATUM peke yake dola milioni 500 hivi zilikosa maelezo ya kueleweka.

Na kuku wapo. Desemba 2011, kabla mkopo wa kwanza haujasainiwa, mtu mmoja wa upande wa Msumbiji alimwandikia mtu wa Privinvest barua pepe kuhusu mgao, akataka waweke kuku milioni 50, yaani dola kwa mafumbo. Hakuna banda la kuku linaloingia idadi hiyo. Barua pepe hiyo imo kwenye hati ya mashtaka ya Marekani.

Upande wa benki sasa. Ofisa wa Credit Suisse aliyesimamia mkopo wa kwanza, Andrew Pearse, alikiri kosa New York mwaka 2019. Mchezo wake ulikuwa hivi. Kuna ada ambayo mkandarasi, hapa ni Privinvest, anailipa benki ili masharti ya mkopo yaonekane mepesi kwa mkopaji. Ada hiyo ilikuwa dola milioni 49. Pearse akaishusha hadi 38, na milioni 11 zilizobaki kwa mkandarasi akaahidiwa nusu yake. Yaani aliiba kwanza kwa mwajiri wake, halafu akaendelea. Kwa ushahidi wake mwenyewe, jumla alivuna kama dola milioni 45. Wenzake wawili wa ofisi hiyo hiyo, Surjan Singh na Detelina Subeva, nao walikiri makosa.

Aprili 2016 siri ikafumuka. Dunia ilikuwa inajua habari ya EMATUM tu. ProIndicus na MAM zikaibuka, zaidi ya dola bilioni moja ambazo hata IMF haikuambiwa. IMF ikasimamisha mkopo wake, wafadhili 14 waliokuwa wakichangia bajeti wakafunga mkono. Januari 2017 Msumbiji ikashindwa kulipa riba ya hati fungani yake iliyotokana na mkopo wa EMATUM. Utafiti wa shirika la CIP la Maputo na taasisi ya CMI ya Norway uliotoka 2021 ulikadiria hasara kwa nchi kuwa angalau dola bilioni 11 hadi 2019, na watu karibu milioni 2 kusukumwa kwenye umaskini. Mkopo wa bilioni 2, hasara ya bilioni 11.

Haya, uwajibikaji. Oktoba 2021 Credit Suisse ilimalizana na mamlaka za Marekani na Uingereza kwa takriban dola milioni 475. Mdhibiti wa London, FCA, alichukua pauni milioni 147. VTB ikatoa zaidi kidogo ya dola milioni 6 kwa Wamarekani. Fedha hizo ziliingia kwenye mifuko ya mamlaka za huko. Mwaka uliofuata mahakama ya New York ikaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 22, ikaenda kwa wawekezaji walionunua zile hati fungani.

Kwa Msumbiji? Benki ilikubali mbele ya FCA kusamehe dola milioni 200 za deni. Umesamehewa deni ambalo siku zote unasema halikuwa lako.

Msimamo wangu ni kwamba hizi faini za wadhibiti wa nje zisituvimbishe kichwa. Mdhibiti wa London analinda soko la London. Nchi iliyoumizwa inatakiwa ipigane na lile deni lenyewe, mapema, kabla benki haijaliuza kwa watu wengine. Maana hapo ndipo Msumbiji ilipofungwa bao: karatasi za EMATUM zilikuwa zimeuzwa kwa wawekezaji muda mrefu, benki imeshachukua ada zake na kutoka. Unakuja kulalamika, unamkuta mlangoni mtu mwingine kabisa anakwambia mimi nilinunua kwa nia njema, nilipe.

Karibuni.

HesabuKali

Bandiko limeshiba mkuu, ila sikubaliani na wewe. Unawabebesha wazungu mzigo wa Chang. Kalamu aliishika nani? Benki haikuvunja ofisi ya hazina ikasaini yenyewe. Mwaka 2022 Maputo walihukumu watu 11 akiwemo mtoto wa rais mstaafu Guebuza, miaka 12. Chang mwenyewe kakutwa na hatia New York Agosti 2024, Januari 2025 akapigwa miaka minane na nusu. Hao ndio wezi. Benki ni duka tu, inauza fedha. Ukimkopesha mlevi, kosa la nani?

Pwani_Kusini

HesabuKali, ukimkopesha mlevi ukijua nyumba anayoweka rehani ni ya mama yake, na mama hajaulizwa, kosa ni lako pia. Benki ya ukubwa ule ina idara nzima ya kukagua wateja. Ndani ya benki kwenyewe kulikuwa na tahadhari kuhusu mkandarasi na hatari ya rushwa, FCA imeliandika hilo kwenye uamuzi wake. Walizisoma, wakaendelea.

Na hao waliofungwa nawapongeza waliowafunga. Ila angalia nani kafungwa kwa muda gani na nani kaendelea na maisha yake.

MtuWaKilambo

Mimi si mtaalamu wa fedha, nasema nilichokiona. Miaka ile nilikuwa navusha vitenge na vyombo vya plastiki kwa kivuko cha Kilambo, napeleka Palma na Mocímboa da Praia. Wateja wetu kule Kiswahili wanaongea, Kimwani wanaongea, biashara ilikuwa haina shida. Mwaka 2014 dola moja ilikuwa meticais 30 na kitu. Mwishoni mwa 2016 ilikuwa imepita 70. Mimi nilikuwa nauza kwa mkopo, mtu anachukua leo analipa mwisho wa mwezi. Alikuwa analipa vizuri tu, kiasi kilekile tulichoandikiana kwenye daftari. Nikifika Mtwara nikibadilisha, mzigo mpya haununuliki. Hakuna aliyeniibia, wote walilipa, na mtaji ukaisha.

Kuna mama mmoja wa Palma alikuwa ananunua ndoo na mabeseni kwa jumla. Aliniuliza hivi hii fedha yetu imepatwa na nini. Wakati ule hata mimi sikuwa nimewahi kulisikia jina la hiyo benki.

KaraniMstaafu

Vijana mnakwenda Msumbiji wakati ya kwenu mnayo hapa.

Mwaka 2012/13 Serikali ya Tanzania ilitafuta dola milioni 600 kwa ajili ya mpango wa maendeleo. Waliopewa kazi ni Standard Bank ya London pamoja na Stanbic ya hapa nyumbani. Ada ilianza kuzungumzwa ikiwa asilimia 1.4. Ikapanda hadi 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa nchini iitwayo EGMA iliyoelezwa kuwa ni mshirika wa ndani. Mahakama ya London haikuona ushahidi wa kazi yoyote iliyofanywa na huyo mshirika. Fedha zilipoingia kwenye akaunti Machi 2013, sehemu kubwa ilichotwa taslimu ndani ya siku chache. Wafanyakazi wa benki yenyewe ndio walioshtuka wakatoa taarifa juu.

Novemba 2015 Standard Bank ikaingia makubaliano na ofisi ya makosa makubwa ya udanganyifu ya Uingereza, SFO, ya kuahirisha mashtaka. Yalikuwa makubaliano ya kwanza ya aina hiyo katika historia ya Uingereza, na ni kwa fedha yetu sisi. Benki ikalipa faini na kurudisha faida, jumla dola milioni 25.2 kwenda hazina ya Uingereza. Tanzania tukapata milioni 7: zile 6 pamoja na riba kama milioni moja.

Pigeni hesabu wenyewe.

HesabuKali

Karani, lakini hapo tulirudishiwa kilichoibiwa pamoja na riba. Unataka nini zaidi? Zile 25 ni adhabu ya kuvunja sheria ya Uingereza, lazima ziende Uingereza. Hata wewe ukikamatwa hapa kwa kumwibia Mkenya, faini inaingia hazina ya Tanzania.

KaraniMstaafu

Nataka mkopo wenyewe uangaliwe upya. Ile ada iliyopanda ililipwa kutoka kwenye mkopo, maana yake tulikopa fedha ya kuwahonga watu wetu na tukailipia riba miaka yote. Faini ilikwisha siku moja, mkopo wa milioni 600 ukaendelea kwa masharti yaleyale.

Jodari_Mkavu

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Meli za EMATUM ziliundwa Ufaransa, zikakaa miaka zikielea bandarini Maputo, na ndiyo basi. Kuvua zilivua kidogo sana.

WakiliWaJioni

Niongeze upande wa sheria, maana hapa pana mafunzo mengi na mleta mada kayapita juu juu.

Msumbiji ilifanya mambo mawili tofauti na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni nyumbani. Asasi za kiraia zilizo chini ya jukwaa la kufuatilia bajeti, FMO, zilikusanya saini za wananchi 2,000 zikaenda Baraza la Katiba. Juni 2019 Baraza likasema mkopo na dhamana ya EMATUM ni batili. Mei 2020 likasema hivyo hivyo kwa ProIndicus na MAM. Hii haikuwa kazi ya serikali. Serikali ilikuwa ndiyo kwanza inakaa mezani na wenye hati fungani, na mwaka huohuo 2019 ikatoa hati mpya za dola milioni 900 za kulipwa hadi 2031, kubadilisha zile za zamani. Wananchi wanashinda mahakamani, serikali yao inasaini kulipa.

La pili ni London. Mikataba ya dhamana ilikuwa chini ya sheria ya Uingereza, kwa hiyo Februari 2019 Mwanasheria Mkuu wao akafungua kesi huko dhidi ya Credit Suisse, Privinvest na wengine. Privinvest wakasema mikataba yetu ya mauzo ina kifungu cha usuluhishi Uswisi, twendeni tukamalizane huko faragha. Hoja hiyo ilikula miaka. Septemba 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaikataa: madai ya rushwa kuhusu dhamana si ugomvi wa mkataba wa kuuza meli.

Hapo ndipo benki ilipotoka mlango wa nyuma. Credit Suisse ilikuwa imeshamezwa na UBS, benki nyingine ya Uswisi, Juni mwaka ule. Usiku wa kuamkia kesi, mwanzoni mwa Oktoba 2023, UBS ikapatana na Msumbiji nje ya mahakama. Kwa hiyo mameneja wa benki hawakupandishwa kizimbani kule London kuhojiwa mbele ya umma. Katikati ya 2024 Msumbiji ikamalizana pia na VTB na benki ya BCP ya Ureno: madai ya dola bilioni 1.4 yakakatwa hadi milioni 220. Julai 29, 2024 hukumu ikatoka dhidi ya Privinvest peke yake iliyobaki: ilipe dola milioni 825, na pia iikinge Msumbiji dhidi ya malipo ya baadaye hadi bilioni 1.5. Mmiliki wake, Iskandar Safa, alikuwa ameshafariki Januari ya mwaka huo.

Sasa mleta mada anasema faini hazina maana. Mimi naona faini ya 2021 ndiyo iliyoibebea Msumbiji kesi. Kukiri kosa kwa kampuni tanzu ya benki ile New York na maelezo ya kina ya FCA ni ushahidi ambao ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Maputo isingeweza kuuchimba yenyewe. Bila hivyo UBS wasingekimbilia kupatana.

Pwani_Kusini

WakiliWaJioni, hapo kwenye ushahidi nakubaliana na wewe. Ila ona mtiririko: mkopo 2013, siri inafumuka 2016, faini 2021, upatanisho 2023 na 2024. Miaka kumi. Hati fungani ya kwanza ilikuwa na riba ya asilimia 6.305. Ilipobadilishwa 2016 ikawa asilimia 10.5, na wanunuzi hawakuambiwa kuhusu mikopo mingine miwili. Credit Suisse na VTB ndizo zilizosimamia mabadilishano hayo pia. Kila mara nchi inapoumia, benki ilikuwa inapata kazi nyingine ya kulipwa ada. Haki inayochukua miaka kumi wakati riba inatembea kila miezi sita haimsaidii yule mama wa Palma.

Nairobi_Mbali

Sisi huku Kenya tulikopa Eurobondi (hati fungani inayouzwa soko la nje) ya kwanza Juni 2014, dola bilioni 2. Februari 2024 tukakopa bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kununua tena sehemu ya ile ya kwanza kabla haijaiva. Sisemi kuna wizi kama wa Msumbiji, hapana. Ninachouliza ni hivi: hawa mawakala wanaopanga mkopo wanalipwa wakati wa kukopa, na wanalipwa tena tunapokopa mwingine ili ule wa kwanza usituangushe. Wao wanashindwa lini?

Na mbona Malaysia walifaulu? Benki ya Marekani Goldman Sachs iliuza hati fungani za dola bilioni 6.5 za 1MDB, mfuko wa serikali yao, wakavuna ada ya kama milioni 600. Malaysia ikawafungulia mashtaka ya jinai nyumbani kwao, Kuala Lumpur, ikawashtaki hadi wakurugenzi. Mwaka 2020 Goldman ikakubali kutoa bilioni 2.5 taslimu na kudhamini mali nyingine za bilioni 1.4. Hizo zilienda Malaysia, si New York.

WakiliWaJioni

Umegusa penyewe. Malaysia ilikuwa na soko ambalo Goldman alitaka kuendelea kulifanyia kazi, na ilikuwa na mashtaka ya jinai mkononi. Msumbiji mwaka 2016 ilikuwa imebanwa vibaya kifedha, na waziri aliyesaini alikuwa bado mbunge. Nani angefungua mashtaka? Chang alikamatwa Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Johannesburg kwa ombi la Wamarekani. Maputo ilikuja kumtaka baadaye, ikapambana miaka mahakamani Afrika Kusini asipelekwe New York.

HesabuKali

Sasa si ndiyo ninayosema tangu mwanzo? Kaya yako ikiwa na mlinzi anayegawana na mwizi, huna wa kumlilia.

Pwani_Kusini

Sawa, lakini mwizi naye asipewe nafasi ya kulipa faini kwa jirani yake na kurudi kuuza.

Bibi_Shamba

Samahani wakuu nauliza kama mtu asiyejua. Hapa kwetu, mkopo kama huo ungeweza kupita bila Bunge? Ungekuwa batili?

WakiliWaJioni

Swali zuri kuliko yote humu. Msumbiji walishinda Baraza la Katiba kwa sababu katiba yao inataka Bunge liidhinishe mikopo na dhamana zinazovuka mipaka ya bajeti. Kwetu Tanzania inayotawala ni Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura ya 134, ya mwaka 1974 na marekebisho yake. Inampa mamlaka ya kukopa Waziri wa Fedha. Bunge linapitisha bajeti yenye jumla ya mikopo, halikai kupitisha mkataba mmoja mmoja. Kwa hiyo ile silaha waliyoitumia FMO kule, hapa ingekuwa butu kiasi. Ungebaki na hoja ya rushwa, na hoja ya rushwa unaibeba wewe mdai hadi London, kwa mawakili wa London, kwa bei za London.

Mimi ningeanzia hapo: kila mkataba wa mkopo wa kibiashara uwekwe mezani bungeni na ada zote za mawakala zikiwa zimeandikwa, nani kalipwa na kwa kazi gani. Ile asilimia moja aliyoisema Karani isingepita.

KaraniMstaafu

Ingepita. Ingeandikwa "ushauri elekezi". Weka na kifungu kwamba malipo yasiyoelezeka yakigundulika, mkopo wote unasimama kulipwa mpaka uchunguzi uishe, na kifungu hicho kiwe ndani ya mkataba wenyewe chini ya hiyo hiyo sheria ya Uingereza. Hapo mnunuzi wa hati fungani atauliza maswali kabla ya kununua.

HesabuKali

Na riba atakupandishia kwa kifungu hicho.

KaraniMstaafu

Apandishe. Msumbiji walipandishiwa kutoka 6 hadi 10 bila kifungu.